Mbio tano, mchango mmoja: jinsi ya kukimbia msimu mzima kuchangisha hela ya wagonjwa (mwongozo kamili)

Mwaka wa kwanza nilipomwambia shangazi naenda Moshi kukimbia kuchangia watoto wenye saratani aliniuliza swali moja tu. "Mwanangu, ukifika wanakulipa shilingi ngapi?" Nikamwambia hawanilipi shangazi, mi ndo nawalipa. Akaendelea kuchambua mchele wake kimya, halafu akasema, "Sasa hiyo hela ya watoto inatokea wapi?"

Nilicheka, ila kwenye daladala narudi Kimara lile swali likawa linanikera maana jibu sikuwa nalo. Mwaka ule nililipia namba ya kushiriki, nauli, lodge, raba mpya, baada ya mbio tukala nyama choma na wenzangu, nikarudi Dar na medali na tisheti, kupiga hesabu nimetumia karibu laki nne na watoto wamepata elfu themanini. Aisee. Si bora ningewapelekea laki nne zao nikabaki nimelala.

Toka hapo nimejifunza kidogo kidogo, kwa kukosea sana, na saivi kila msimu watu wananiuliza inbox nafanyaje, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Hii ni kwa mkimbiaji wa kawaida, wa klabu ya jogingi, mwenye kazi na familia. Mi mwenyewe kilomita 21 namaliza kwa saa mbili na dakika ishirini na kitu, na kilomita 42 zaidi ya saa tano. Kama unategemea spidi ya Simbu aliyetuletea dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo 2025 hapa haupo sehemu sahihi.

Kwanza elewa hela inatoka wapi

Kuna njia mbili na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza, mbio zenyewe ni za hisani. Mfano mbio za CRDB za mwezi wa nane zimechangia matibabu ya moyo ya watoto pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na zile za NBC Dodoma zimebeba saratani ya mlango wa kizazi. Hapo ukilipia namba yako umeshachangia, ila mchangishaji ni benki na wadhamini wake, wewe ni mshiriki. Ni jambo jema, fanya, lipa, kimbia.

Njia ya pili ni wewe mwenyewe kuwa sababu ya watu kutoa. Unawaambia ndugu, majirani, watu wa ofisini na uliosoma nao kwamba nakimbia hizi, naomba mnitie nguvu kwa kumchangia fulani. Huu mwongozo ni wa njia ya pili, na hamna kinachozuia kuzitumia zote mbili kwenye mbio hiyohiyo.

Sasa kwa nini mfululizo, kwa nini usikimbie moja ukamaliza? Angalia harusi zetu. Hamna anayechangisha harusi kwa wiki moja, kamati inakaa miezi minne mitano, kadi zinatoka, ahadi zinaandikwa, watu wanapunguza kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi mshahara ukiingia. Mbio moja inakupa wiki mbili za kelele halafu watu wanasahau, hata aliyetaka kutoa hajapata hela. Mbio tano kwa miezi kumi zinakupa muda ahadi ziive.

Na wenzetu waliofanya hivi wametuachia mifano. Terry Fox wa Kanada alikuwa amekatwa mguu kwa saratani, tarehe 12 Aprili 1980 akaanza kuivuka nchi kwa mguu wa bandia, karibu marathoni nzima kila siku, siku 143, kilomita 5,373, mpaka ugonjwa ulipomrudia mapafuni akalazimika kusimama. Alichoomba kilikuwa chepesi mno, dola moja kwa kila Mkanada, na kufikia Februari 1981 zilikuwa zimepita milioni 24, idadi ya watu wa nchi yake kwa wakati ule. Mchekeshaji wa Uingereza Eddie Izzard alijaribu marathoni 27 kwa siku 27 Afrika Kusini mwaka 2012 mwili ukagoma mapema kabisa, akarudi 2016 akamaliza zote. Na jirani hapa Kenya mama Margaret Kenyatta, mke wa rais wa wakati ule, alikimbia marathoni ya London 2014 akatumia zaidi ya saa saba, hamna aliyemcheka, kliniki zinazotembea za kampeni yake ya afya ya mama na mtoto, Beyond Zero, zikaenda kaunti. Watu hawalipii mwendo wako, wanalipia kukuona unahangaika kwa ajili ya mtu mwingine.

Kupanga kalenda

Hapa ndo watu wanaharibu. Mtu anajaza mbio kila wikiendi, maana saivi kila mkoa na kila taasisi ina marathoni yake, baada ya miezi mitatu goti limekwisha na wachangiaji wamechoka kusoma jumbe zake. Mi natumia hii, nimeizoea:

Mwezi wa tano Mbeya, mbio za Tulia, nakimbia 21.
Mwezi wa saba mwishoni Dodoma, 21.
Mwezi wa nane Dar, 21.
Oktoba 14 Siku ya Nyerere, Rotary Dar Marathon, 21.
Halafu mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, Kilimanjaro Marathon pale Moshi, 42 kamili.

Tarehe zinasogea mwaka hadi mwaka kwa hiyo hakikisha kwa waandaaji kabla ya kukata tiketi. Ona ilivyokaa lakini. Kutoka Siku ya Nyerere mpaka Moshi una wiki kama 19, yani unapumzika wiki mbili tatu halafu unaingia programu ya wiki 16 ya 42 bila haraka. Na kubwa kuliko yote, ile kubwa na ngumu iko mwisho, ahadi zinakuwa zinapanda na wewe. Ukianza na Moshi, zile nne zinazofuata zinaonekana za mtoto.

Sehemu mbaya ya hii kalenda ni Dodoma na Dar za mwezi wa nane, zimekaribiana sana, sa nyingine wiki mbili au tatu tu. Chagua moja ya kukazana na nyingine ukimbie kama mazoezi. Mi Dodoma ndo nakazana maana asubuhi ya Julai kule ni baridi kavu, miguu inakubali.

Ukiwa Kenya unaweza kupanga ya kwako hivyohivyo, Lewa ya mwezi wa sita inayochangia uhifadhi, Nairobi ya mwezi wa kumi, na nyingine katikati. Kanuni ya kuweka kubwa mwisho haibadiliki.

Chagua jambo moja la kuchangia, na barua mkononi

Usichangie "jamii". Watu hawatoi hela kwa jamii. Sisi tulichagua nauli ya kina mama wanaoleta watoto wao kliniki ya saratani Dar kutoka mikoani, kwa sababu tulikuta mtoto anapata matibabu ila mama anashindwa kurudi kwa mzunguko unaofuata, dawa ziko, nauli hana. Kwa hesabu tuliyopewa mama na mtoto kutoka kanda ya ziwa kuja na kurudi ilikuwa kama laki na nusu. Hiyo laki na nusu kila mtu anaielewa, kashapanda hilo basi.

Tafuta taasisi iliyosajiliwa inayofanya hiyo kazi tayari, nenda ofisini kwao kwa miguu yako, usiishie kwenye simu. Omba vitu vitatu: barua inayosema wanakutambua wewe na kampeni yako na inaisha lini, akaunti au lipa namba yenye jina la taasisi, na mtu mmoja atakayekuwa anakutumia mchanganuo kila mwezi. Wakisita kwenye lolote kati ya hayo, shikamoo, asante, ondoka. Barua hiyo utaitoa kwa mwenyekiti wa mtaa, kazini, kanisani au msikitini, na kwa yule mjomba anayeuliza kila kitu. Kama unataka kwenda mbali zaidi, vikapu barabarani au mnada wa hadhara, uliza kwanza ofisi ya mtendaji vibali vikoje, usije ukafika kituo cha polisi na medali shingoni.

Hela mbili zisikutane

Kama utasoma kipande kimoja tu soma hiki.

Mwaka wa pili niliweka namba yangu ya simu kwenye tangazo, nikasema nitakusanya halafu napeleka. Nilikuwa na kideni cha mkopo wa simu nimekisahau. Mchango wa kwanza kuingia, elfu hamsini kutoka kwa mama mmoja wa kwaya, simu ikalia, meseji ya kupokea, na sekunde hiyohiyo meseji ya kukatwa deni, salio elfu tisa. Nilikaa kwenye kiti nikaangalia ile simu kama imenitukana. Nililipa kutoka mfukoni kabla ya jioni, ila fikiria kama ningekuwa sina.

Kwa hiyo: mchango uende moja kwa moja kwa taasisi kwenye lipa namba yao, mchangiaji anakutumia skrinshoti ya muamala na wewe unaandika tu. Kama taasisi haina lipa namba na lazima mkusanye wenyewe, fungueni akaunti ya kikundi ya simu au benki ambayo kutoa hela lazima wathibitishe zaidi ya mtu mmoja, na wewe mkimbiaji usiwe hata mmoja wa wathibitishaji. Ndiyo, hata kama ni wewe uliyeanzisha.

Halafu gharama zako za mbio. Namba, nauli, lodge, raba, chakula, hizo ni zako. Usikate hata mia kwenye mchango, usije na ile hesabu ya "asilimia kumi ya uendeshaji". Najua kuna taasisi zinafanya hivyo na zina sababu zao, ila wewe ni mtu mmoja mwenye raba, siku mchangiaji akijua elfu kumi yake imelala lodge Moshi umekwisha, wewe na wote watakaokuja baada yako. Mi naweka kibubu, laki moja kwa mwezi kuanzia Februari, miezi kumi na mbili inanivusha mbio zote tano kwa kubana. Treni ya SGR imesaidia sana Dodoma, unaondoka Dar unafika chini ya saa nne bila kuvimba miguu kama kwenye basi. Moshi weka lodge mapema, Desemba hivi, maana wikiendi ya mbio mji unafurika na bei zinapaa. Mbeya ni mbali, kilomita mia nane na kitu, nenda siku mbili kabla.

Njia nyingine halali ya kufidia gharama zako ni kumwomba mwenye duka, gereji, au bosi wako akulipie nauli au tisheti za kikundi, na unamwambia wazi hii ni ya safari, sio ya watoto. Wengine wanapenda hivyo kwa sababu jina lao linakaa mgongoni kwako.

Kamati na ahadi kwa kilomita

Huwezi kukimbia na kuchangisha peke yako, utashindwa vyote. Tafuta watu watatu. Mhazini, na huyu awe mtu mkali kidogo, anayejulikana kwa kudai hela ya mchezo bila aibu. Mwandishi wa kukaa na grupu la WhatsApp na jedwali. Na mtu mzima mmoja anayeheshimika, mama au mzee, wa kupiga simu kwa wakubwa ambao wewe huwezi kuwapigia.

Sasa ahadi. Mbio tano hizi ukijumlisha ni kilomita 126.6. Unamwambia mtu aahidi kwa kilomita. Shilingi elfu moja kwa kilomita ni 126,600, mia tano ni 63,300, na mia moja, ndiyo mia moja tu, ni 12,660. Mtu akisikia laki na ishirini na sita anashtuka, lakini halipi kwa mkupuo. Analipa baada ya kila mbio, 21,100 Mei, 21,100 Julai, hivyohivyo, mwisho 42,200 ya Moshi. Hiyo kila mfanyakazi anaiweza. Watu 80 wa elfu moja kwa kilomita ni zaidi ya milioni kumi, hebu fikiria ni mama wangapi wamepanda basi.

Ujumbe wangu huwa ni huu, mfupi, badilisha upendavyo:

"Habari ndugu yangu. Kuanzia Mei mpaka Februari nakimbia mbio tano, km 126.6, kuchangia nauli ya kina mama wanaoleta watoto wao kliniki ya saratani. Naomba ahadi yako kwa kila kilomita, hata mia. Unalipa baada ya mimi kukimbia, sio kabla. Hela inaenda moja kwa moja kwa taasisi, mimi siigusi. Barua yao hii hapa."

Mtume mtu mmoja mmoja. Ukiposti kwenye grupu la watu mia mbili kila mtu anadhani mwenzake atatoa, ukimwandikia kwa jina lake anajibu. Anza na wale kumi unaojua watakubali, waandike kwenye jedwali, ndo upeleke kwa wengine, kama kadi ya harusi tu, hamna anayependa kuwa wa kwanza kwenye karatasi tupu.

Na weka sheria ya usipomaliza. Sisi tulisema unalipa kilomita nilizokimbia. Dodoma mwaka jana kigimbi cha mguu kilikaza nikaishia kilomita ya 17, nikapanda gari la huduma ya kwanza na aibu yangu. Binamu yangu akalipa 17,000 kamili na ujumbe chini, "zile nne na ushee utakimbia lini?" Jumamosi iliyofuata nikaenda Coco Beach nikazikimbia nikamtumia picha ya saa, akamalizia 4,100. Grupu lilichangamka wiki nzima, na ahadi mpya sita zikaingia. Sikushauri ukwame makusudi.

Wasiotaka majina yao yaonekane waandike "Msamaria". Wasiolipa usiwataje kwenye grupu, mhazini awapigie pembeni.

Mazoezi

Kama hujawahi kukimbia, pima kwanza presha na sukari, na mwambie daktari unachotaka kufanya. Kama kilomita 5 huzimalizi bila kusimama, hii kalenda ahirisha mwaka mmoja, kimbia za 5 na 10 kwanza. Kuchangisha kutakusubiri.

Siku nne kwa wiki zinatosha. Mbili fupi za kilomita 5 mpaka 8, moja ya vilima au ya kukazana kidogo, na Jumamosi alfajiri ndefu. Hiyo ndefu ndo inajenga mkimbiaji. Nenda mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima na mwenzako, ukianza kujibu "ndi-yo" kwa vipande punguza. Kwa mbio ya Mbeya anza katikati ya Februari na ndefu za Jumamosi ziende hivi: 8, 9, 10, 8, 11, 12, 14, 11, 15, 17, 12, halafu mbio. Unaona kila baada ya wiki tatu inashuka, hapo ndo mwili unajijenga, usiruke kwa kiherehere.

Kati ya mbio na mbio usijenge upya, linda tu. Wiki ya kwanza baada ya 21 tembea na kimbia taratibu, wiki ya pili rudi kawaida, ndefu isizidi 14 mpaka 16.

Kwa Moshi, wiki 16: 16, 18, 20, 16, 22, 24, 18, 26, 28, 20, 30, 24, 32, 22, 14, na mbio. Ile 32 iko wiki tatu kabla na baada ya hapo usiongeze kitu, hata ukijisikia simba. Desemba na Januari Dar ni joto na unyevu kwa hiyo anza saa kumi na moja alfajiri, kwa kikundi, kwenye barabara yenye taa, na kina dada wasikimbie peke yao giza. Mi nazunguka Oysterbay, Daraja la Tanzanite, Masaki, kurudi. Lakini hiyo ni tambarare na Moshi sio tambarare, kwa hiyo mara moja kwa wiki nenda vilima vya Mlimani pale chuo kikuu au Pugu kuelekea Kisarawe. Nimeona vijana wa Masaki wenye saa za bei mbaya wanalia njia ya Mweka, ile ya kupanda mlima kule Moshi.

Raba: za mitumba za Karume sio mbaya kabisa, bonyeza soli ya kati na kidole, ikiwa ngumu kama kigae imekufa iache. Kwa kawaida raba inavumilia kilomita 500 mpaka 800. Usivae mpya siku ya mbio. Mafuta ya mgando paka kwapani, mapajani, na wanaume kwenye chuchu, utanishukuru kwenye bomba la mvua.

Chakula hamna miujiza. Wali, ndizi, viazi vitamu, ugali, maharage, dagaa, mayai. Usiku wa kabla usile kitu kigeni, chipsi mayai ya stendi itakutafuta kilomita ya 12. Kwenye ndefu zaidi ya saa moja na nusu beba kitu cha sukari, mi natumia tende tatu kila dakika arobaini na kinywaji cha kutengeneza mwenyewe, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Maji matupu ukinywa kupita kiasi ni hatari kama kutokunywa, chumvi mwilini inashuka mtu anachanganyikiwa na anaweza kufa, kunywa kwa kiu.

Na jamani, ile tabia ya kumeza diklo au brufeni kabla ya mbio ili "maumivu yasije" acheni. Ukiwa umekauka maji figo zinaumia. Ukiwa na homa pia usikimbie, kapime malaria, waambie wachangiaji ukweli, kimbia kilomita hizo baadaye kama nilivyofanya mimi.

Njia zenyewe

Mbeya iko juu, kama mita 1,700, mtu wa pwani kilomita ya tatu unajiuliza pumzi imeenda wapi. Punguza mwendo, jiongezee nusu dakika kwa kila kilomita toka mwanzo. Dar mwezi wa nane ni kipupwe, raha, Oktoba joto limerudi, usijilinganishe na muda wa Agosti.

Moshi mnaanzia na kumalizia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Nusu ya kwanza ya 42 inakudanganya, unapita mjini na kutoka njia ya Dar, unarudi, barabara nzuri, unajiona Juma Ikangaa, yule bingwa wetu wa marathoni wa zamani. Halafu ndo unaanza kupanda Mweka, polepole bila kuisha, jua nalo linapanda na wewe. Nusu ya kwanza ikimbie kama unasindikiza mgeni. Kwenye kupanda tembea bila aibu. Kushuka ndo kunaua mapaja, fupisha hatua. Soma pia muda wa mwisho wa kufunga njia kwenye maelekezo ya mwaka husika ujue unatakiwa kuwa wapi saa ngapi.

Katikati ya mbio, kelele kidogo tu

Jumbe mbili kwa mwezi zinatosha. Moja ya mazoezi, iwe na kichekesho au picha yako umelowa jasho. Nyingine ya hesabu: ahadi kiasi gani, zilizolipwa kiasi gani, nauli ngapi zimeshakatwa. Hiyo ya hesabu itoke tarehe ileile kila mwezi hata kama hamna kilichobadilika, watu wanaiamini tarehe kuliko maneno.

Picha za watoto wagonjwa usiposti. Najua zinavuta hela. Yule mtoto atakua, atatafuta kazi na mchumba, na picha yake akiwa hana nywele itakuwa inazunguka na namba ya muamala juu yake. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 nayo ipo, ila hata isingekuwepo. Piga picha ya tiketi ya basi, ficha jina. Tiketi zetu za Mwanza na Bukoba zimechangisha kuliko uso wa mtoto yeyote.

Kukabidhi

Baada ya Moshi mpe mhazini wiki tatu za kufuatilia, asubuhi ya siku inayofuata mbio ndo watu wana moyo, apige simu siku hiyohiyo wakati wewe bado unashuka ngazi kinyumenyume. Halafu tarehe 31 Machi funga. Ahadi ambazo hazijalipwa zifute kwenye jedwali kimyakimya, mtu kapoteza kazi, mwingine kafiwa, usimgeuze ndugu kuwa mdaiwa wa hisani. Hundi kubwa ya maboksi ya kupigia picha sisi hatufanyi, ile kuichapa tu ni nauli ya mtu.

Taasisi ikupe taarifa iliyosainiwa: imepokea kiasi gani tarehe zipi, imekata tiketi ngapi, imebaki nini. Mwandishi alinganishe na skrinshoti moja moja, tofauti ikiwepo ulizeni hapohapo. Itume kwenye grupu pamoja na jedwali lote, na uchape nakala kwa wasio na simu kubwa.

Nakala moja nilimpelekea shangazi. Akavaa miwani, akafuata mistari kwa kidole mpaka chini, akauliza huyu Msamaria wa mia mbili kwa kilomita ni nani. Nikamwambia shangazi siruhusiwi kusema. Akakunja karatasi akaiweka kwenye Biblia, na zile skrinshoti za Msamaria nazijua, ni yeye, alimtuma mjukuu.

Baada ya hapo pumzika mwezi mzima bila ratiba, Februari ya kuanza kibubu itakuwa imeshapita na kibubu ni kitupu, anza kukijaza Aprili badala ya kungoja, maana Mbeya ni mwezi unaofuata.